Baiskeli Ukutani

"Wewe Odeke, uko mtu ya reli ama mtu ya baiskeli?"

Forman Bwire aliuliza swali hilo katikati ya yadi ya stesheni ya Malaba, na kwa kuwa wengine walikuwa mbali kidogo, akalirudia kwa sauti ya juu zaidi ili wasikose. Paulinus Odeke alikuwa ndiyo kwanza anafika. Suruali yake ilikuwa na tope mpaka magotini, baiskeli ameibeba begani kwa sababu mnyororo ulikuwa umekatika njiani, na filimbi ya kazi inaning'inia shingoni. Nyuma ya forman, treni la mizigo lililotoka upande wa Tororo lilikuwa limesimama likingoja mtu wa kuligeuzia reli. Mtu huyo alikuwa yeye.

"Bwana forman, mto umejaa. Ile daraja ya kwetu iko chini ya maji. Nimezunguka."

"Mto haijaandikwa na reli," Bwire akasema. "Wewe ndiyo umeandikwa."

Vibarua wakacheka. Hata dereva wa injini alitoa kichwa dirishani akacheka, ingawa hakuwa amesikia lolote. Paulinus aliilaza baiskeli chini, akachukua bendera yake, akaenda kugeuza reli huku viatu vikimlilia maji.

Bwire hakuwa mtu mbaya, tumtendee haki. Alikuwa Msamia aliyezoea kazi, na tangu Jumuiya ya Afrika Mashariki ivunjike mwaka uliopita na reli ikagawanywa, wafanyakazi waliotoka ng'ambo walikuwa wamerudi kwao na nafasi zao zikabaki wazi. Waliobaki walifanya kazi za watu wawili. Kila asubuhi wakubwa walimkaripia Bwire kwa simu kutoka mbali, na mtu aliyekaripiwa kwa simu hana budi kumtafuta aliye karibu wa kumkaripia.

Jioni, kabla ya Paulinus kuondoka, alimwita kando, safari hii kwa sauti ya chini.

"Odeke, mimi sitaki kukufuta. Lakini treni ingine sasa zinakuja usiku, na wewe kwako ni Chakol. Iko chumba moja huko landi. Yule Mkamba amehamishwa. Chukua, ulete bibi na mtoto, ama ukae peke yako, hiyo ni shauri yako. Lakini nikikuona tena na hiyo tope, utanipatia filimbi yangu."

"Nitaongea na mama watoto."

"Ongea haraka," Bwire akasema.

Landi zilikuwa zile safu za vyumba vya wafanyakazi, nyuma ya stesheni, chumba kimoja kimoja kama meno, mlango mmoja na dirisha moja lenye nondo. Paulinus alikuwa amepita mbele yavyo mara nyingi akiendesha baiskeli, na hakuwahi kufikiria kwamba siku moja angevitazama kwa hesabu.

*

Kwa miaka yote aliyofanya kazi Malaba alikuwa akitoka kwake Chakol kabla mwanawe Akiror hajaamka na kurudi Akiror akiwa ameshalala. Katikati palikuwa na barabara ya vumbi au ya tope, kulingana na jinsi Mungu alivyoamka, na kilima ambacho hakuna aliyewahi kukipanda juu ya tandiko. Hakulalamika. Alikuwa na shamba, ng'ombe mmoja wa maziwa, mke aliyeitwa Amuron na mshahara wa reli, na wanaume wengi wa rika lake walikuwa na kimoja tu kati ya hivyo.

Jumapili hiyo, baada ya misa, Amuron aliandaa ugali wa wimbi na kunde zilizotiwa karanga, akamtengea mumewe mezani. Paulinus akanawa mikono. Ndipo Akiror, ambaye sasa alikuwa na miaka minne, alipochukua sahani yake kimya kimya na kutoka nje, akaenda kukaa kizingitini mwa jiko.

"Huyu anaenda wapi?" Paulinus akauliza.

Watoto wa Chakol hufundishwa mapema kwamba mgeni akiketi kula, mtoto huchukua chakula chake na kumpisha.

"Akiror! Njoo ule hapa."

Mtoto alimtazama mama yake kwanza, kuuliza kama inaruhusiwa. Amuron akatikisa kichwa kukubali. Akiror akarudi, akakaa pembeni kabisa mwa meza, akala kwa adabu kubwa bila kudondosha hata kunde moja. Paulinus aliumia. Aliumia kuliko alivyoumia kwa kicheko cha yadi nzima, na hakuweza kumlaumu mtu, kwani mtoto alikuwa amelelewa vizuri.

Walipobaki wawili, akamweleza Amuron habari ya chumba.

"Kwa hiyo ni landi, au ni filimbi," Amuron akasema.

"Ndivyo alivyosema."

"Unaweza kukaa huko peke yako, ukaja Jumamosi."

Alisema hivyo kwa sababu ilibidi mtu aseme. Wote wawili walimjua Methuselah, mtoto wa mzee Osukuku mwenye duka. Methuselah alipata kazi Eldoret, akaanza kwa kuja kila Jumamosi, halafu kila mwisho wa mwezi, halafu Krismasi. Krismasi ya mwisho walikuja wawili: Methuselah, na siku chache nyuma yake, mwanamke mwenye mtoto mgongoni akiulizia njia.

"Sitaki kuwa mtu wa Jumamosi," Paulinus akasema.

"Basi unataka twende." Amuron aliweka mkono juu ya tumbo lake, ambalo lilikuwa limeanza kuitangulia nguo. "Na wimbi? Na ng'ombe?"

"Ng'ombe tutampa ndugu yangu amkamue. Wimbi utakuja kuvuna."

"Na huyu? Nani atanizalisha huko?"

"Kuna zahanati."

"Nilimzaa Akiror mikononi mwa mama yangu. Zahanati haikunisikia hata nikikohoa." Kisha akauliza, "Chumba kina milango mingapi?"

"Mlango mmoja. Ni chumba kimoja."

Amuron akacheka, cheko la mtu aliyeona jambo ambalo mwenzake hajaliona. "Mama yangu atapitia dirishani?"

Paulinus hakuwa amelifikiria hilo. Mama yake Amuron, mzee Amoding, aliishi ng'ambo ya bonde, karibu kiasi cha kuona moshi wa jiko la bintiye. Kwa desturi yao, mkwe na mama mkwe hawaonani uso kwa uso, hawapeani mkono, hawali mahali pamoja. Huo ndio ulikuwa uzito wa heshima yao, na katika miaka yote ya ndoa Paulinus alikuwa amemwona mama mkwe wake mgongoni tu, akishuka bondeni na kikapu. Lakini Amoding alikuwa akifika kwa bintiye karibu kila siku. Alipanda kutoka bondeni, akasimama kwenye ua, akatazama ukuta wa nyumba. Baiskeli ikiwa ukutani, mkwe yumo. Akageuza njia akaenda zake, au akaingilia nyuma, jikoni. Ukuta ukiwa mtupu, akaingia, akachota maji, akamwogesha Akiror, akapalilia na bintiye mpaka jua linapoinama. Hakuna aliyewahi kupanga jambo hilo wala kulisema. Lilikuwa limejipanga lenyewe.

"Akija, mimi nitahamia kwa Okal," Paulinus akasema. "Yule Mjaluo wa injini. Ana nafasi. Mama atakaa na wewe mpaka uzae, mpaka upate nguvu."

Amuron alitazama nje, kizingitini mwa jiko, ambapo Akiror alikuwa amekwenda kukaa na sahani yake.

"Basi twende," akasema.

*

Mwanzoni landi iliwapokea vizuri. Syprose, mke wa Okal, aliyekuwa na sauti ya kuamsha safu nzima, alimwonyesha Amuron mfereji wa maji, mahali pa kuanika nguo na jirani wa kutomkopesha chumvi.

"Yule wa mwisho, usimpatie kitu, dada. Hata kiberiti. Anarudisha sanduku tupu."

Amuron alicheka, ingawa alielewa nusu. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, cha kununua na kukataa bei. Kijaluo hakukijua, na Kikamba na Kiluhya cha wengine vilimpita. Kwa Kiteso hakukuwa na wa kuongea naye mchana kutwa isipokuwa Akiror. Ukuta ulikuwa mwembamba kiasi kwamba jirani akigeuka kitandani, wewe unaamka. Basi Amuron akajifunza kusema polepole, kukohoa polepole na kuomba Mungu kimoyomoyo.

Lakini Paulinus alifurahi, na haikuwa siri. Alitembea kwenda kazini na viatu vikavu. Treni likija usiku alikuwepo, na asubuhi alirudi akalala, Akiror akicheza karibu na miguu yake. Baada ya muda mfupi mtoto alianza kumpanda mgongoni. Baada ya muda mwingine kidogo alianza kula kwenye sahani yake, bila kuomba ruhusa ya mtu, akichagua nyama. Paulinus alimwacha achague. Bwire alipopita alisema, "Sasa wewe ni mtu ya reli," na akamaanisha sifa.

Baiskeli haikuwa na kazi tena. Chumbani haikuingia, kwa kuwa kitanda, meza na sufuria vilikuwa vimeshamaliza nafasi. Paulinus aliiegemeza ukutani kando ya mlango, akaifunga kwa mnyororo kwenye nguzo ya baraza, na hapo ikakaa.

Amuron alimtumia mama yake salamu kwa watu wa Chakol waliokuja sokoni: kwamba ni wazima, kwamba miguu imeanza kumvimba, kwamba Baba Akiror siku hizi hufanya kazi usiku na kulala mchana. Mama aje mwezi ujao, wimbi likishavunwa. Salamu zilifika zote. Na baiskeli? Nani angefikiria kutuma salamu za baiskeli?

*

Amoding hakungoja mwezi ujao. Aliposikia habari ya miguu alifunga unga wa wimbi kwenye kitambaa, akamkamata kuku, akapata lifti ya lori la pamba mpaka Malaba. Alikuwa hajafika stesheni maishani mwake. Aliuliza njia kwa kutaja jina la mkwewe kwa mzunguko, maana kulitaja waziwazi hakuruhusiwa: "yule wa reli, mume wa Amuron, wa Chakol." Mchuuzi wa ndizi akaelewa, akamwonyesha.

Alifika landi asubuhi, jua likiwa bado la kuvumilika. Alihesabu milango kama alivyoelekezwa, na kabla hajaufikia wa bintiye, akaiona baiskeli. Aliijua. Tandiko lake lilikuwa limeshonwa kwa kipande cha ngozi ya mbuzi ambaye yeye mwenyewe alimtoa.

Yumo, akajiambia. Amelala, ametoka kazini usiku.

Akakohoa mara moja, kwa heshima. Hakuna aliyetoka. Akarudi nyuma mpaka kwenye mfereji wa maji mwishoni mwa safu, akakaa juu ya jiwe akiupa mgongo mlango wa mkwewe, akajitanda kitambaa kichwani, akamweka kuku miguuni. Mwanamke mmoja aliyekuja kuchota maji alimsalimu.

"Mama, unangoja nani?"

"Nangoja," Amoding akasema. Hilo alilijua kwa Kiswahili.

"Karibu kwangu ukae kivulini."

"Nangoja," akasema tena, akatabasamu. Hangeweza kumwambia mgeni kwamba mkwe wake amelala na yeye anangoja aamke aende zake. Ingekuwa kumtangaza. Yule mwanamke akajaza ndoo yake akaondoka.

Paulinus hakuwa amelala. Usiku huo hapakuwa na treni, na asubuhi Bwire alikuwa amemwita yadini, ambako mabehewa ya pande mbili yalikuwa yamechanganyika na ilibidi yatenganishwe, ya huku yabaki na ya kule yarudi. Injini ilikwenda mbele na nyuma, mabehewa yakagongana, yeye akigeuza reli na kupuliza filimbi, na kelele hiyo ilifunika landi nzima.

Ndani ya chumba, Amuron alikuwa ameshikwa na uchungu tangu mumewe alipotoka. Mwanzoni alidhani ni mgongo tu, maana siku zake zilikuwa hazijatimia. Syprose alikuwa amekwenda soko la Busia na angerudi jioni. Akiror alikuwa nje na watoto wenzake, mbali, kwenye rundo la mataruma mabovu, zile mbao za chini ya reli. Amuron aliita mara moja, kisha akaona aibu kumwita mtu asiyemjua jina. Kwao mwanamke hapigi kelele akizaa. Mama yake ndiye aliyemfundisha hivyo. Akauma pindo la kanga, akashika mguu wa kitanda, akangoja Syprose, au mumewe, au yeyote.

Mama yake alikuwa amekaa kwenye jiwe, mahali ambapo ukelele ungemfikia.

Jua lilipanda. Amoding akavuta kitambaa chake usoni, akabaki juu ya jiwe. Kila baada ya kitambo aligeuza kichwa kidogo tu, kwa pembe ya jicho, akaona gurudumu la baiskeli, akarudisha uso mbele. Alimhurumia mkwewe. Kazi gani hii, alifikiri, inayomlaza mtu hivi mpaka adhuhuri.

Akiror ndiye aliyemwona, aliporudi kunywa maji.

"Tata!" alipiga ukelele. Ndivyo wanavyomwita bibi. Akamrukia, kuku akakurupuka.

"Polepole, utamwamsha papa yako."

"Papa hayupo. Papa yuko kwa treni."

Amoding akamshika mtoto mabega. "Na baiskeli?"

"Baiskeli haiendi siku hizi," Akiror akasema. "Inakaa tu."

Mzee Amoding alisimama, akaacha unga, akaacha kuku, akakimbia. Waliokuwepo wanasema hawakujua mwanamke wa umri ule anaweza kukimbia hivyo.

*

Paulinus aliitwa na yule mwanamke wa ndoo, aliyefika yadini akihema. Alimpa Bwire bendera bila neno, na Bwire, kwa mara ya kwanza, akaipokea bila neno.

Mlango wa chumba ulikuwa umefungwa. Alisikia maji yakimwagwa kwenye beseni na sauti ya mama mkwe wake ikinong'ona. Aliinua mkono kusukuma mlango, akaushusha. Humo ndani palikuwa na mke wake, na palikuwa na mtu ambaye hakuruhusiwa kumwona. Chumba kilikuwa kimoja. Akasimama barazani, mikono juu ya tandiko la baiskeli, uso ukutani, majirani wakimtazama kutoka kwenye milango yao na yeye akijua kwamba wanamtazama.

Baada ya muda mlango ukafunguka nyuma yake. Hakugeuka. Akasikia nyayo, halafu sauti ya mzee, iliyokuwa imechoka, ikisema na mtoto.

"Akiror, mwambie papa yako kwamba mama yako ni mzima."

"Papa, toto ni mzima," Akiror akasema, maana ndivyo alivyomwita mama yake.

"Mwambie ametokwa na damu nyingi, wamtafutie gari la kumpeleka zahanati."

Akiror akamwambia.

"Mwambie alikuwa mtoto wa kiume. Hakulia."

Akiror alimtazama bibi yake, kisha akamgeukia baba yake, akauvuta mkono wake. "Papa, alikuwa mtoto wa kiume. Hakulia."

Aliyasema kwa ufasaha wote, akijivunia kutumwa. Paulinus aliukaza mkono kwenye tandiko.

"Mwambie tata asante," akasema.

Alidhani mzee ameondoka. Kisha sauti ikaja tena, chini zaidi.

"Akiror. Muulize papa yako kwa nini baiskeli ilikuwa hapa."

"Papa, kwa nini baiskeli ilikuwa hapa?"

Alitafuta jibu kwenye ukuta ule, uliopakwa chokaa chafu nusu na nusu, na hakuliona. Mama mkwe wake alingoja kidogo, kisha akarudi ndani, akafunga mlango polepole.

*

Gari la kumpeleka Amuron zahanati lilipatikana. La kumpeleka mtoto Chakol halikupatikana, maana wenye magari hawapendi safari za namna hiyo. Okal alitengeneza kisanduku kwa mbao za kreti. Paulinus alikifunga kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli kwa mpira, akakifunika kwa kanga, akashika njia. Hakupanda. Alisukuma njia yote, hata kwenye mteremko. Waliomjua wakamsalimu, "Odeke, umerudi?" naye akaitikia kwamba amerudi.

Alimzika kando ya migomba, nyuma ya nyumba.

Amuron alipopata nguvu, alisema jambo moja tu. "Mimi siwezi kurudi kwenye kile chumba." Hakulisema kwa hasira, na Paulinus alikuwa ameshajua. Akaenda kwa Bwire, akaivua filimbi shingoni, akaiweka mezani pamoja na ufunguo wa landi.

Bwire aliusogeza ufunguo kando.

"Pole sana, Odeke. Kweli kabisa, pole. Mimi mwenyewe nina watoto." Akachukua filimbi. "Lakini treni ya usiku inataka mtu."

"Najua, boss."

"Kuna kazi ya kupakia magunia. Ni kibarua. Ya mchana tu. Hakuna sare, hakuna kota, na mvua ikinyesha hakuna kitu. Utaweza?"

"Nitaweza."

"Kutoka Chakol?"

"Kutoka Chakol."

"Hata ukikuja na tope, hakuna mtu atauliza," Bwire akasema, na huo ndio ulikuwa wema aliokuwa nao siku hiyo.

Kwa hiyo vibarua waliomcheka wakawa wenzake. Walimcheka kidogo tena siku ya kwanza, alipokosea kuinamia gunia, halafu wakamfundisha. Aliondoka nyumbani alfajiri kama zamani, akapanda kile kilima kwa miguu kama zamani, na mabega yake yakaota sugu mahali ambapo filimbi haikuwahi kufika. Tofauti ni kwamba sasa alirudi mapema kidogo, jua likiwa halijazama, na Akiror alikuwa akimngoja njiani.

Lakini mzee Amoding hakuja tena. Tangu mazishi hakupanda kutoka bondeni. Amuron alikwenda kwake, akamkuta amekaa, akamsihi. Mzee alisema magoti yanamuuma. Kila mtu alijua si magoti. Alikuwa amekaa kwenye jiwe asubuhi nzima kwa heshima, na heshima hiyo ikamla mjukuu. Usiku alijiuliza, na mchana pia, na bintiye hakuwa na neno la kumtuliza ambalo hakuwa ameshalisema. Amuron mwenyewe alikonda. Alipalilia peke yake, akachota maji peke yake, akazoea kutazama moshi wa ng'ambo ya bonde.

Paulinus aliyaona hayo yote. Alitaka kumwambia mzee kwamba si kosa lake, kwamba yeye ndiye aliyeiacha baiskeli pale kama mpumbavu. Angemwambia kwa njia gani? Kumtuma Amuron alishamtuma. Kumwendea hakuweza.

Jumapili moja, baada ya misa, ilikuwa siku yake ya kukaa nyumbani, siku pekee aliyoifanyia kazi yote ile. Amuron alikuwa ameanza kuosha wimbi. Paulinus alisimama, akaenda ukutani, akaitoa baiskeli.

"Unakwenda wapi?" Amuron akauliza.

"Dukani kwa Osukuku."

"Kufanya nini?"

"Kukaa."

Amuron akautazama ukuta mtupu, akarudi kwenye wimbi lake. Paulinus akaisukuma baiskeli polepole kwenye njia ya juu, ile inayoonekana vizuri kutoka ng'ambo ya bonde, akapiga kengele bila sababu.

Mzee Osukuku alimkaribisha kwenye benchi mbele ya duka. "Hata Jumapili wewe ni mtu wa baiskeli?" akamtania. Paulinus akasema ndiyo, akakaa. Alikaa mpaka jioni, watu wakaja wakanunua mafuta ya taa na sabuni, wakaenda kwao kula. Aliporudi, hakuna aliyekuwa amepanda kutoka bondeni, na Amuron alikuwa amekula na Akiror peke yao.

Jumapili ya pili akaitoa tena. Ilinyesha, akakaa barazani mwa duka, maji yakimrukia miguuni. Hakuna aliyekuja.

Jumapili ya tatu jua lilikuwa kali. Alikuwa amelala nusu kwenye benchi, kofia usoni, aliposikia nyayo ndogo. Akiror alikuwa anakuja kwenye njia akitembea kwa uangalifu mkubwa, ulimi umetoka kidogo pembeni mwa mdomo, sahani yenye kifuniko mikononi. Akaifikisha kwenye benchi bila kumwaga kitu. Akafunua. Ulikuwa ugali wa wimbi na kunde za karanga, nyingi, sahani ya watu wawili.

Hakuchukua chake akaenda pembeni. Alipanda kwenye benchi, akajibana kando ya baba yake, akasogeza sahani katikati yao.

Paulinus alionja. Karanga zilikuwa zimesagwa laini zaidi kuliko Amuron alivyozoea kuzisaga.

"Nani amepika?" akauliza, ingawa alijua.

"Tata," Akiror akasema, mdomo umejaa. Akamega tonge lingine, akalifikiria jambo alilotumwa, akalikumbuka. "Papa, usirudi haraka. Tata bado anaongea na toto."

Paulinus akaigeuza baiskeli kidogo ili ikae kivulini, akaendelea kula na mwanawe.